Mgonjwa si aina ya mtu

Lugarawa ni kata katika Wilaya ya Ludewa, na Ludewa ni wilaya ya Mkoa wa Njombe, eneo ambalo hadi mwaka 2012 lilihesabiwa chini ya Iringa. Mpe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kompyuta zoezi la kuandika programu ya kutunza orodha ya vituo vya afya vya mkoa huo, na mara nyingi atachora mti: Mkoa juu, Wilaya chini yake, Kata chini ya Wilaya, Kituo mwishoni. Hadi hapo hajakosea. Kosa linaanza anapokumbuka somo la urithi na kuandika kwamba klasi Wilaya inarithi klasi Mkoa, na Kata inarithi Wilaya, kwa kuwa mchoro wake unafanana na ule aliouona kitabuni. Kwa lugha ya programu amesema kwamba kila wilaya ni mkoa na kila kata ni wilaya, hivyo Lugarawa ina mkuu wa wilaya wake peke yake, na mkuu wa mkoa juu. Akifika Makambako, ambayo ni halmashauri ya mji, hajui aitundike kwenye tawi lipi. DHIS2, mfumo ambao Wizara ya Afya ya Tanzania inautumia kukusanyia takwimu za vituo, una klasi moja tu kwa ngazi zote hizi, na kila objekti ya klasi hiyo ina sehemu inayotaja mzazi wake ni nani. Mgawanyo kama ule wa 2012 ukitokea, kinachobadilika ni jina la mzazi kwenye mistari michache ya kanzidata, na programu yenyewe haiguswi.

Nimeanza na kosa hilo kwa sababu ni jepesi kulitoa, na likishatoka tunabaki na swali gumu zaidi. Kuwa ndani ya kitu ni jambo moja, kuwa aina ya kitu ni jambo jingine. Hilo linaeleweka kwa dakika tano. Lakini hata pale tunapoweza kusema bila kigugumizi kwamba "A ni B", urithi unaweza kuwa chaguo baya. Muuguzi ni mtu. Mgonjwa ni mtu. Je, klasi Mgonjwa irithi klasi Mtu? Vitabu vingi vya utangulizi vitajibu ndiyo na kuendelea na ukurasa unaofuata. Hoja yangu ni kwamba jibu halimo katika sentensi "mgonjwa ni mtu". Limo katika muda: je, objekti hii itabaki ya aina hii tangu inapoundwa hadi inapofutwa, na haitahitaji kuwa ya aina nyingine wakati huohuo? Ikiwa ndiyo, urithi ni chombo kizuri na cha bei nafuu. Ikiwa sivyo, deni lake litalipwa na watu ambao hawakuwepo wakati wa kuchora mti.

Kwanza tuuone urithi ulivyo. Klasi ni kielelezo kinachotaja sifa ambazo objekti, yaani vitu vinavyoundwa kutokana nacho, zitakuwa nazo na kazi zitakazoweza kufanya. Klasi moja ikirithi nyingine, inachukua sifa na kazi zote za mzazi, kisha inaongeza za kwake au kubadilisha namna kazi fulani inavyotekelezwa. Wazo hili lilizaliwa Oslo, kwenye Kituo cha Kompyuta cha Norway, mikononi mwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, na likatoka hadharani katika lugha ya Simula 67. Walikuwa wakitengeneza lugha ya kuigiza mifumo halisi, na mfano mmoja uliowasumbua ulikuwa wa magari kwenye kibanda cha kulipia ushuru wa daraja. Malori na mabasi hupanga foleni moja. Foleni haijali gari limebeba nini. Inataka kujua nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Lakini mahali pengine katika programu, lori lina tani za mzigo na basi lina idadi ya abiria. Suluhisho likawa kuandika mara moja yale ya foleni, kisha kuyafanya kuwa sehemu ya mwanzo ya lori na ya basi. Angalia kwamba katika daraja lile hakuna lori lililogeuka basi likiwa kwenye foleni. Sharti hilo halikuandikwa popote kwa sababu halikuhitaji kuandikwa.

Vitabu vya kufundishia vikachukua wazo na kuacha daraja. Leo mwanafunzi wa Nairobi, Kampala au Dodoma anakutana na Mnyama anayerithiwa na Mbwa na Paka. Mbwa anabweka, Paka analia nyau, na somo limekwisha. Si mfano wa uongo. Tatizo lake ni kwamba ni salama kupita kiasi. Mbwa huzaliwa mbwa na kufa mbwa, na hakuna siku atakuwa mbwa na paka kwa pamoja. Kwa hiyo mwanafunzi anafunzwa urithi kwa mfano ambao masharti yake yote yametimizwa na maumbile, na hapati nafasi ya kugundua kwamba masharti hayo yapo. Hata kanuni aliyoitoa mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov mwaka 1987, na kuiandika kwa ukali zaidi pamoja na Jeannette Wing mwaka 1994, kwamba objekti ya klasi mtoto lazima iweze kukaa mahali pa mzazi bila programu kushtuka, hufundishwa kama kanuni ya tabia tu: mtoto asivunje ahadi za mzazi. Ni kanuni sahihi, na nitairudia. Lakini Mgonjwa anaweza kutimiza ahadi zote za Mtu na bado urithi ukakwama, kwa sababu ahadi zinahusu kile objekti inachofanya, na mkwamo unatokana na muda inaodumu kuwa hivyo.

Hospitali ni mahali pazuri pa kulipimia jambo hili, na Tanzania ilikuwa na kipimo chake kwenye karatasi kabla kompyuta hazijafika wilayani. Vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya kukusanyia taarifa za huduma za afya vituoni, vimepangwa kwa huduma. Mama mjamzito anaandikwa kitabu namba 6. Akijifungua anaandikwa namba 12. Mtoto anafuatiliwa katika namba 7. Na mama huyohuyo akija na homa kwenye dirisha la wagonjwa wa nje anaandikwa namba 5. Hakuna kitabu cha MTUHA kinachouliza yeye ni mtu wa aina gani. Kila kimoja kinauliza amekuja kwa lipi leo. Kama mfumo wa takwimu, MTUHA una kasoro yake inayojulikana: jina moja linatawanyika katika vitabu kadhaa na kuviunganisha ni kazi ya jasho. Lakini kama maelezo ya uhusiano kati ya mtu na hospitali, ni sahihi kuliko michoro mingi ya programu. Mama hakubadilika kuwa kiumbe kingine alipotoka kitabu namba 6 kwenda namba 12.

Sasa tuangalie programu halisi iliyolazimika kulijibu swali hilo, tena iliyokulia jirani. OpenMRS ilianzishwa mwaka 2004 na Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari wa Indiana waliokuwa wakishirikiana na mpango wa AMPATH huko Eldoret, Kenya, ambako kanzidata iliyotangulia, ya kituo cha afya cha Mosoriot, ilikuwa imeanza kuzidiwa na wingi wa wagonjwa wa VVU. Iliandikwa kwa Java, na mwaka 2006 ikaanza kazi Eldoret. Leo KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na hilo ndilo linaloifanya kuwa ushahidi mzuri kuliko mifano ya kubuni: unaweza kuona wapi waliamua kurithi, wapi walijuta, na wapi waliamua kuishi na matokeo. Majina ya klasi nitayataja kwa Kiswahili.

Katika matoleo ya mwanzo kulikuwa na klasi Mtu, yenye majina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Mgonjwa alimrithi Mtu na kuongeza namba za utambulisho wa hospitali. Mtumiaji, yaani mwenye akaunti na nywila ya kuingilia kwenye mfumo, naye alimrithi Mtu. Kwenye karatasi mchoro huu hauna dosari: mgonjwa ni mtu, mtumiaji ni mtu. Sasa tuseme mfumo wa namna hiyo umefungwa katika hospitali ya misheni ya Lugarawa, na muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye ana akaunti yake, ameamka na malaria. Anakwenda mapokezi afunguliwe faili kama mtu mwingine yeyote. Katika kanzidata tayari yupo kama Mtumiaji. Objekti yake katika Java iliundwa kuwa Mtumiaji, na Java hairuhusu objekti kubadili klasi baada ya kuundwa, wala klasi moja kurithi klasi mbili. Mapokezi yanabaki na njia mbili. Ama yamwandike upya kama mtu mwingine mwenye jina lilelile na tarehe ileile ya kuzaliwa, na hapo hospitali ina watu wawili kwa mwili mmoja. Ama mwandishi wa programu atunge klasi ya tatu, Mgonjwa-Mtumiaji. Njia ya pili inachekesha mpaka uihesabu. Ukiwa na majukumu manne, tuseme mgonjwa, mtumiaji, mtoa huduma na mchangia damu, michanganyiko inayowezekana ni kumi na mitano, na kila moja itataka klasi yake.

Waandishi wa OpenMRS walimtoa Mtumiaji kwenye mti. Katika matoleo ya baadaye Mtumiaji harithi Mtu. Ana sehemu inayotaja mtu ambaye akaunti hiyo ni yake. Maelezo yaliyoandikwa juu ya klasi hiyo yanasema jambo ambalo urithi usingeweza kulisema kwa namna yoyote: kwamba akaunti ni ya mtu fulani, na mtu huyo anaweza kuwa na akaunti nyingine pia. Kwa urithi, Mtumiaji mmoja ni Mtu mmoja, basi. Hakuna mahali pa kuweka msimamizi wa mfumo mwenye akaunti moja ya kazi za kila siku na nyingine ya kurekebishia mipangilio. Naona hapa ndipo tofauti inapojitokeza wazi. Kurithi kunagandisha idadi kuwa moja kwa moja na muda kuwa wa maisha. Kumiliki, yaani objekti moja kuwa na sehemu inayoitaja objekti nyingine, kunaacha vyote viwili wazi: akaunti inaweza kufunguliwa, kufungwa, kuongezwa, na mtu akabaki yuleyule.

Mgonjwa hakutolewa. Hadi leo anamrithi Mtu, na bei ya uamuzi huo inaonekana ndani ya msimbo. Mfumo huu unahifadhi data kupitia Hibernate, chombo kinachogeuza objekti za Java kuwa mistari ya majedwali. Mtu ana jedwali lake na Mgonjwa lake, na namba ya mgonjwa ni ileile namba ya mtu. Ikiwa mtu hayupo kabisa, kumsajili kama mgonjwa ni kazi rahisi. Shida ni pale mtu ambaye tayari yumo kama Mtu anapotakiwa kuwa Mgonjwa. Hili si jambo adimu. Chukua kliniki ya tiba na matunzo, CTC, katika mkoa huu wa Njombe, ambao umeongoza Tanzania kwa maambukizi ya VVU katika tafiti za kitaifa mfululizo: asilimia 14.8 ya watu wazima katika utafiti wa 2011–12, asilimia 11.4 mwaka 2016–17, asilimia 12.7 mwaka 2022–23, wakati wastani wa taifa katika utafiti huo wa mwisho ulikuwa asilimia 4.4. Kila anayeanza dawa huombwa kumtaja msaidizi wake wa matibabu: mke, kaka, jirani anayeaminika. Msaidizi huyo anaingia kwenye kumbukumbu na jina na simu yake, bila faili lake mwenyewe. Kwa lugha ya programu ni Mtu, na uhusiano wake na mgonjwa umeandikwa. Siku anapokuja mwenyewe kupima, mfumo unatakiwa kumgeuza kuwa Mgonjwa bila kupoteza namba yake wala uhusiano ule.

Hibernate haijui kufanya hivyo. Kwake, objekti ama ilizaliwa Mgonjwa ama haikuzaliwa hivyo. Kwa hiyo kwenye msimbo wa OpenMRS, mahali pa kuhifadhi wagonjwa, kuna kazi ndogo inayoitwa kabla ya kila kitu: inaangalia kama namba hii ina mstari kwenye jedwali la wagonjwa, na kama haina, inaupachika kwa amri ya SQL ya moja kwa moja, ikiipita Hibernate mgongoni. Aliyeiandika ameacha maelezo mafupi juu yake, akikiri kwamba kazi hiyo ipo ili kukwepa jinsi Hibernate inavyovuruga urithi wa mtu, mgonjwa na mtumiaji. Sijui maelezo ya msimbo yenye mafunzo mengi kuliko hayo. Kiraka chenyewe kinafanya kazi vizuri na hakuna aibu ndani yake, ila tuone kinaziba nini: kinaziba pengo kati ya mti wa klasi, unaodai kwamba mtu huzaliwa mgonjwa, na dirisha la mapokezi, ambako watu huja kuwa wagonjwa.

Mtu anaweza kusema kwamba kisa kimoja ni bahati mbaya. Basi kuna cha pili katika programu hiyohiyo, mbali kabisa na watu. OpenMRS ina kamusi ya dhana: uzito, shinikizo la damu, malalamiko ya mgonjwa, matokeo ya kipimo. Dhana ya kawaida ni klasi Dhana. Dhana inayopimwa kwa tarakimu, kama uzito, ni klasi Dhana ya Namba inayomrithi mzazi huyo na kuongeza kipimio na mipaka ya kawaida. Sasa msimamizi wa kamusi ameandika matokeo fulani kama maandishi, na baadaye anataka yawe namba ili yaweze kuchorwa kwenye grafu. Dhana ileile inatakiwa ibadili aina. Na kwenye msimbo wa kuhifadhi dhana, bila kushangaza, kuna kiraka ndugu wa kile cha kwanza, kinachopachika mstari kwenye jedwali la klasi mtoto ili kuzuia Hibernate isigome. Sehemu mbili zisizohusiana, dalili moja, na sababu moja: kitu kinachoweza kubadilika kimeelezwa kwa chombo cha kueleza visivyobadilika.

Upande wa pili wa ushahidi ni pale urithi unapokaa kimya na kufanya kazi yake. Katika programu hiyo kuna klasi Agizo: daktari ameagiza jambo, kwa mgonjwa fulani, tarehe fulani, kwa haraka au kwa kawaida. Agizo la Dawa linarithi Agizo na kuongeza dozi, njia ya kutumia na mara ngapi kwa siku. Agizo la Kipimo linaongeza chanzo cha sampuli na historia ya ugonjwa. Ukurasa unaoonyesha maagizo yote ya leo haujali ni la dawa au la kipimo, kama ile foleni ya Oslo ilivyokuwa haijali lori na basi. Sababu ya kiraka cha namna ile haipo hapa, maana agizo la amoksilini halitageuka kuwa agizo la picha ya damu. Tena waandishi wameongeza uthabiti huo kwa makusudi: daktari akibadili dozi, agizo la zamani halihaririwi. Linaundwa jipya linalotaja lile lililotangulia, na la zamani linafungwa. Objekti ya agizo inazaliwa, inaishi na kufungwa ikiwa kitu kimoja. Ni hapa ambapo urithi unastahili, na ni vigumu kuupata mpango mwingine ulio mwepesi kuuzidi.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni kwamba lawama nimeielekeza kusiko. Aliyekwama ni Hibernate, si urithi. Chombo bora zaidi cha kuhifadhia data kingemgeuza Mtu kuwa Mgonjwa bila kelele. Kuna ukweli kidogo ndani yake. Python inakuruhusu kubadili klasi ya objekti iliyo hai, na Smalltalk ilikuwa na amri ya kubadilishana utambulisho kati ya objekti mbili. Lakini wanaotumia milango hiyo katika mifumo ya kazi ni wachache, na wana sababu. Sehemu nyingine za programu zimeshika objekti ile zikiamini ni ya aina fulani. Ukiibadili chini ya mikono yao, imani hiyo inavunjika bila taarifa. Na hata tukikubali chombo kamili kisicho na mgogoro huo, bado muuguzi wetu ni mgonjwa na mtumiaji kwa wakati mmoja, na ile michanganyiko kumi na mitano haijaenda popote. Hibernate ilisema kwa sauti jambo ambalo Java ilikuwa ikilisema kwa upole.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na ninaliheshimu. OpenMRS inatumika katika maelfu ya vituo duniani, Mgonjwa bado anamrithi Mtu, na wagonjwa wanatibiwa. Ikiwa uamuzi ulikuwa mbaya hivyo, mbona haujaiangusha? Jibu ni kwamba uamuzi ule haukuwa mbaya kwa kiwango kile cha Mtumiaji, na kipimo cha muda kinaeleza kwa nini. Katika kumbukumbu za hospitali, mtu akishafunguliwa faili hafungiwi. Akipona, faili linabaki, akihama, linabaki, likiandikwa kwa makosa linabatilishwa kwa sababu iliyotajwa. Kwa hiyo Mgonjwa katika mfumo huu maana yake ni mwenye faili, na hali hiyo mtu huiingia mara moja tu, asitoke tena. Wala mtu mmoja hawezi kuwa wagonjwa wawili. Kuzuia hilo ndiyo kazi ya mapokezi. Masharti ya urithi yametimia karibu yote, na lililobaki, yaani ile siku ya kuingia, limezibwa na kiraka kimoja. Mtumiaji alishindwa kote: akaunti hufunguliwa na kufungwa, na mtu anaweza kuwa nazo mbili. Ndiyo maana mmoja alitolewa na mwingine akabaki, ingawa sentensi "ni mtu" ilikuwa kweli kwa wote wawili sawasawa. Kwangu huu ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwamba sentensi hiyo haitoshi kuamulia.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kusema urithi wa klasi uachwe kabisa. Wana lugha za kuonyesha: Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, haina urithi wa klasi, na Rust pia haina, na programu kubwa zinaandikwa kwa lugha hizo kila siku. Ushauri wa kupendelea kumiliki kuliko kurithi ni wa zamani. Waandishi wanne wa kitabu cha ruwaza za usanifu wa programu waliutoa mwaka 1994, kabla Java haijatoka. Siwafuati hadi mwisho, kwa sababu ya Agizo, na kwa sababu ya klasi za msingi ambazo karibu kila kitu katika OpenMRS kinazirithi: nani aliandika rekodi hii, lini, na kama imebatilishwa, nani alibatilisha na kwa sababu gani. Rekodi ya matibabu ni rekodi tangu mwanzo hadi mwisho, na kuandika sehemu hizo upya katika kila klasi ni kualika usahaulifu mahali ambapo usahaulifu unaweza kufika mahakamani.

Lakini hata hapo, kanuni ya Liskov ilidai chake. Klasi ya msingi ya data ilibeba pia sehemu za kusema nani aliibadilisha rekodi na lini, ikiahidi kwa niaba ya watoto wote kwamba wanabadilika. Katika toleo la 2, Uchunguzi, yaani kila kipimo kimoja kilichoandikwa kwa mgonjwa, ulifanywa kuwa kitu kisichobadilika: ukisahihisha, wa zamani unabatilishwa na mpya unaundwa ukitaja uliotangulia. Mtoto sasa hakuweza kutimiza ahadi ya mzazi. Ikabidi ahadi hiyo ishushwe kwenye klasi nyingine ya msingi, ya data zinazobadilika tu, na kila klasi ichague upya mzazi wake. Kazi ya namna hiyo katika programu inayotegemewa na nyongeza nyingi zilizoandikwa na watu wa nchi nyingine ni ya polepole. Njia za zamani huwekwa alama kwamba zisitumike tena, kisha watu husubiriwa wahame. Java yenyewe ina donda kama hilo lisilopona: Properties, klasi iliyokusudiwa kushika maandishi tu, ilirithi Hashtable, na kwa hiyo hadi leo inakubali kupokea objekti yoyote kupitia mlango wa mzazi.

Kumiliki nako kuna gharama zake, na wanaokusifia huzitaja kwa haraka mno. Mgonjwa anayemiliki Mtu badala ya kumrithi hana jina. Lazima aulizwe mtu wake, na mtu aulizwe jina. Kila swali la kanzidata lazima litaje waziwazi muungano wa majedwali ambao urithi uliufanya kimyakimya. Mwandishi ama anaandika kazi ndogondogo nyingi zinazopitisha maswali kwa mmiliki wa kweli, ama anawaachia wengine wapite njia ndefu.  Tena kuna hasara nyingine: Java haikuruhusu tena kumpeleka Mgonjwa moja kwa moja mahali panapotakiwa Mtu, mpaka umtoe kwanza mtu wake.

Pamoja na hayo, OpenMRS ilipoongeza klasi ya Mtoa Huduma, haikumrithisha Mtu. Mtoa Huduma ana sehemu ya kumtaja mtu wake, na sehemu hiyo iliruhusiwa kuwa tupu, jina likaandikwa peke yake. Kliniki ilihitaji kuandika kwamba mgonjwa alihudumiwa na daktari mgeni aliyepita mara moja, ambaye hakuna aliyekuwa na tarehe yake ya kuzaliwa wala anwani. Klasi inayomrithi Mtu isingeweza kuacha sehemu ya mtu tupu namna hiyo.